Vitu vinavyoingizwa sehemu za siri: usafi wake na magonjwa yanayoweza kufuata



Katika taarifa hizi tumezoea kuongea nawe juu ya malaria, kuhara, chanjo za watoto na usafi wa vyoo. Leo tunagusa jambo ambalo mtu hawezi kulitaja mbele ya wakwe zake: vitu ambavyo watu wazima huviingiza katika sehemu za siri, iwe kwa starehe, kwa "kujisafisha" au kwa kumfurahisha mwenzi. Vingine hununuliwa, kama vile uume bandia na vifaa vya kutetema vinavyotumia betri. Vingine hutoka jikoni: ndizi, karoti, tango, mshumaa, chupa, mpini wa kijiko. Na vingine watu hawavihesabu kuwa ni vifaa, kumbe vinaingia palepale: kitambaa cha kukaushia, shabu, majani yaliyotwangwa, sabuni.

Makala haya ni ya watu wazima. Kama unamsomea mwenzako asiyejua kusoma, tafuteni mahali penye faragha. Kuta zetu ni za matope na turubai, na jirani anasikia hata ukikohoa.

Hatuandiki ili kumhukumu mtu. Mambo ya dini na ya mila yana walimu wake na mnawajua. Kazi yetu ni mwili. Mtu mwenye homa ya malaria huja zahanati mapema, lakini mtu aliyechubuka au aliyeanza kutokwa na usaha kwa sababu ya kitu alichokiingiza hukaa nyumbani wiki mbili au tatu, akinunua vidonge sokoni, mpaka tumbo la chini limshike. Maambukizi ambayo yangetibiwa mapema kwa dawa za kawaida yanaweza kupanda kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, na mwanamke akakosa mtoto baadaye. Ndiyo sababu tumeona tuseme wazi.

Uke unajisafisha wenyewe

Tuanze na jambo ambalo wengi hawakufundishwa. Ndani ya uke wa mwanamke mzima mwenye afya wanaishi bakteria walinzi. Bakteria hawa hutengeneza asidi inayofanana na ile ya maziwa yaliyoganda, na asidi hiyo huzuia vijidudu vya magonjwa visizaliane. Ute unaotoka kila siku, ambao huwa mweupe au hauna rangi na hauna harufu mbaya, si uchafu. Ndiyo njia ya uke kujiosha.

Sabuni ni adui wa asidi hiyo. Mwanamke anapoingiza kidole chenye sabuni, maji ya chumvi, dettol au ndimu ili aoshe ndani, anawafukuza wale walinzi. Baada ya muda mfupi wanaingia bakteria wengine na kuleta majimaji mepesi ya kijivu yenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Basi mama huyo anaona ananuka, anaongeza kuosha, na harufu inazidi. Kadiri anavyosugua ndivyo anavyolisha ugonjwa. Osha sehemu za nje tu, kwa maji safi, ukianzia mbele kwenda nyuma. Ndani paache.

Shabu, majani na vitambaa vya kukausha vina hatari ya namna nyingine. Wapo wanaosema uke mkavu ndio mtamu, na wapo wanawake wanaojikausha kwa kuogopa kuachwa. Ngozi ya ndani ni laini kama ya ndani ya shavu. Ikikaushwa kisha ikasuguliwa, inachanika vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, na kondomu nayo hupasuka kwa urahisi. Kila mchubuko ni mlango wa VVU, na mwanamume naye anachubuka. Kwa hiyo mwanamume anayedai ukavu anajiweka hatarini pamoja na mke wake, na yafaa aambiwe hivyo na wanaume wenzake.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliounganisha taarifa za wanawake zaidi ya 14,000 waliofuatiliwa katika tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara. Waliotumia vitambaa au karatasi kujifuta ndani, walioingiza vitu vya kukausha au kubana, na walioosha ndani kwa sabuni, walipata maambukizi ya VVU zaidi kuliko wasiofanya hivyo.

Kuna mfano mwingine wenye mafunzo zaidi. Miaka ya nyuma wataalamu walikuwa na jeli iitwayo nonoksinoli-9, ambayo katika chupa za maabara iliua VVU. Wakaipeleka kwa wanawake wa Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand ili waone kama itawakinga. Matokeo yalitangazwa Durban mwaka 2000: wanawake waliopewa jeli ile waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa jeli isiyo na dawa. Iliua virusi, lakini iliunguza ngozi, na ngozi iliyoungua haizuii kitu. Ukisikia sokoni dawa ya kuingiza "inayoua vijidudu vyote", kumbuka jeli ile.

Kifaa kimetengenezwa kwa nini?

Sasa tuje kwenye vifaa vyenyewe. Swali la kwanza si bei wala sura. Ni kama kifaa kinaosheka. Silikoni ngumu, kioo kinene maalumu na chuma kisichoshika kutu havina vitundu, kwa hiyo maji na sabuni vinafika kila mahali. Plastiki laini inayovutika, inayonata kidogo na yenye harufu kali ya mpira, ina vitundu vidogo mno ambamo majimaji ya mwili huingia na kubaki. Hata ukiiosha nje ikang'aa, ndani haijaoshwa. Vifaa vingi vya bei rahisi ni vya aina hii. Kama unacho cha namna hiyo, kivalishe kondomu mpya kila unapokitumia, na kikianza kupasuka, kubadilika rangi au kunata, kitupe.

Kuhusu vitu vya jikoni, tuseme ukweli: mboga na matunda hutoka shambani na sokoni, zimeshikwa na mikono mingi, zina udongo na pengine dawa za wadudu, na zinaweza kukatikia ndani. Mshumaa hukatika pia. Chupa ni hatari kubwa kuliko vyote. Inaweza kuvunjika, na ile yenye mdomo wazi hufyonza ngozi ya ndani ikakwama, na kuitoa kunahitaji hospitali. Mpini wa mti una vibanzi. Atakayetumia tunda au mboga pamoja na haya yote, basi alioshe, alivalishe kondomu, asilitumie likiwa limelainika, na baadaye alitupe. Lisirudi kwenye sufuria ya familia.

Kondomu huharibiwa na mafuta. Mafuta ya mawese, ya kupikia, Vaseline na losheni hudhoofisha mpira wa kondomu za kawaida katika dakika chache tu, nayo hupasuka bila wewe kujua. Kilainishi kinachofaa ni kile cha maji, na ukiuliza zahanati utaelezwa kama kipo. Kisipokuwepo, kondomu nyingi zina kilainishi chake tayari. Usitumie sabuni kuwa kilainishi.

Kutumia pamoja

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Kifaa cha mtu mmoja, kikioshwa vizuri, kinaweza kumletea mchubuko au fangasi, lakini hakiwezi kumletea kaswende kutoka hewani. Ugonjwa wa zinaa unatoka kwa mtu. Kifaa kikitoka mwilini mwa mmoja na kuingia mwilini mwa mwingine kikiwa bado na majimaji, kinabeba kilichokuwamo: kisonono, klamidia, trikomonasi, malengelenge ya sehemu za siri, virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na kama pana damu, hata VVU na homa ya ini aina ya B.

Vijidudu hivi havifanani kwa uvumilivu. VVU hudhoofika upesi nje ya mwili vikikauka. Trikomonasi huweza kuishi saa kadhaa katika kitu chenye unyevunyevu. Virusi vya homa ya ini B hukaa katika damu iliyokauka hata siku 7 vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Kwa hiyo anayesema "nimekiacha kikauke tangu jana" amejikinga na kimoja, si na vyote.

HPV ndiyo sugu zaidi. Mwaka 2014 huko Marekani ulitolewa utafiti mdogo wa wanawake 12 waliopewa vifaa vya kutetema vya aina mbili. Baada ya kutumia na kuosha, chembe za HPV zilikutwa bado kwenye baadhi ya vifaa. Siku iliyofuata vile vya silikoni havikuwa nazo tena, ila baadhi ya vile vya plastiki laini bado vilikuwa nazo. Kukuta chembe si sawa na kuambukizwa, na wanawake 12 ni wachache. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba kuosha peke yake hakutoshi pale kifaa kinapopita kwa watu wawili.

Basi, kila mtu na chake. Wenzi wanaotumia kimoja wavalishe kondomu mpya kabla hakijahamia kwa mwingine, wala si kugeuza ile ile. Usinunue kifaa kilichokwisha kutumika, hata kama muuzaji anaapa. Usimwazime rafiki. Tunajua kambini tunaazimana kila kitu, tangu jembe hadi sufuria ya harusi, lakini hiki hakiazimwi, kama vile mswaki hauazimwi.

Wenye VVU wanaotumia dawa vizuri, na ambao kipimo cha damu kinaonyesha virusi havionekani, hawamwambukizi mwenzi VVU kwa kujamiiana. Hilo ni kweli na ni la kufurahia. Lakini dawa za VVU hazizuii HPV, kisonono wala trikomonasi, kwa hiyo kondomu kwenye kifaa inabaki na kazi yake. Wanawake wenye VVU waombe pia kuchunguzwa mlango wa kizazi mapema kuliko wengine, kwa sababu saratani hiyo huwashika upesi. Na wazazi wenye binti wa miaka 9 hadi 14 waulize chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018.

Kuosha kwa maji ya kambi

Tunajua foleni ya bombani. Kiwango kinacholengwa ni lita 20 kwa mtu kwa siku, na yapo majuma ambayo hazifiki. Lakini kuosha kifaa hakuhitaji ndoo nzima. Jagi moja la maji safi na kipande cha sabuni vinatosha, ukifanya kwa mpangilio.

Nawa mikono kwanza. Kama kifaa kina betri, zitoe, na usikizamishe majini kama hakikutengenezwa kwa kuzamishwa. Kifute kwa kitambaa safi chenye sabuni, kisha kwa kingine chenye maji matupu. Kile kisicho na betri kisugue kwa sabuni pande zote, hasa kwenye mifereji na maungio, halafu kimiminie maji. Usikizungushe tu ndani ya beseni ambalo tayari lina povu, maana uchafu uliotoka unarudi. Sabuni yoyote ya kuogea isiyo na harufu kali inafaa. Suuza mpaka utelezi uishe, kwa sababu sabuni iliyobaki itakwenda kufanya ndani ya uke yale tuliyoyasema juu.

Kifaa kizima cha silikoni au chuma, kisicho na betri wala mota, kinaweza kuchemshwa. Maji yakishaanza kutokota, hesabu dakika 10. Usitie plastiki laini, itayeyuka, na kuni zako zitapotea bure. Kwa ajili ya kazi hii tenga kopo lake, lisiwe chombo cha chakula.

Kama huna kuni za kuchemshia, dawa ya klorini inasaidia kwa vitu visivyo na vitundu. JIK, ambayo wengi wenu mliotoka Kongo na Burundi mnaiita javeli, ikiwa ni ya asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji. Soma namba kwenye chupa kwanza, kwa sababu kuna za nguvu tofauti. Osha kifaa kwa sabuni, kisuuze, kiloweke dakika 10 katika mchanganyiko huo, halafu kisuuze tena kwa maji mengi. Chuma usikiache humo zaidi ya muda huo. Mchanganyiko huu ni wa kifaa. Haumwagwi mwilini, hauoshewi uke, wala hauchanganywi na ndimu, siki au mkojo, kwa kuwa hutoa hewa inayoumiza mapafu. Vidonge vya kutibu maji ya kunywa, kwa kipimo cha maji ya kunywa, havina nguvu hiyo.

Kukausha ndiko kunakosahauliwa. Watu huosha vizuri, kisha kwa kuficha wanafunga kitu kikiwa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki na kukisukuma chini ya godoro. Humo fangasi wanaota kama kwenye mkate uliofunikwa. Ni kosa lilelile la vitambaa vya hedhi vinavyoanikwa kwenye kona yenye giza. Kianike juani ukikifunika kwa kitambaa chepesi kama unaogopa macho ya watu, au kikaushe kwa kitambaa safi na ukiache kipate hewa usiku. Kisha kiweke katika mfuko wa kitambaa wa peke yake, mbali na watoto. Toa betri, zisivuje.

Njia ya haja kubwa

Tutasema machache. Ngozi ya huko ni nyembamba zaidi na haina ute wa kujilainisha, kwa hiyo huchanika na kuambukizwa VVU kwa urahisi kuliko uke. Kitu kilichoingia huko kisiende mbele mpaka kioshwe au kibadilishwe kondomu, hata kama ni mwili uleule. Bakteria wa kinyesi wakifika mbele huleta maambukizi ya uke na ya njia ya mkojo, na mwanamke mjamzito akipata maambukizi ya mkojo yanaweza kupanda kwenye figo.

Huko pia vitu hupotea. Uke una mwisho, lakini utumbo unaendelea, na misuli yake huvuta kitu kwenda ndani. Kitu kisicho na kitako kipana kisiingizwe huko kamwe.

Kikikwama

Tuseme wazi kuhusu uke kwanza, maana hofu ni kubwa. Kitambaa, pamba, kipande cha kondomu au cha tunda kikibaki ukeni hakiwezi kupanda tumboni. Mlango wa kizazi ni mdogo mno, haukipitishi. Chuchumaa, pumua taratibu, nawa mikono na ujaribu kukitoa kwa vidole viwili. Kisipotoka, njoo zahanati. Ni kazi ya dakika chache na muuguzi ameifanya mara nyingi. Usikiache. Kitambaa kilichosahauliwa siku kadhaa huleta harufu kali na usaha, na mara chache huleta sumu ya bakteria inayoingia kwenye damu. Marekani mwaka 1980 wanawake wengi waliugua hivyo, na baadhi walifariki, kwa sababu ya pamba za hedhi zilizokaa ndani. Homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu na vipele vyekundu kama vya kuunguzwa na jua ni ishara za kukimbia hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kilichokwama kwenye njia ya haja kubwa usikivue kwa waya, kijiko wala koleo, na usinywe dawa ya kuharisha. Usisubiri uone kama kitatoka chenyewe kesho. Utumbo ukitoboka, kinyesi humwagika tumboni, na hapo panahitajika upasuaji. Maumivu makali ya tumbo, tumbo gumu, homa au damu ni dharura.

Kama uliingiziwa kwa nguvu

Baadhi ya wasomaji wetu walipitia haya vitani, kule Kivu na kwingineko, na baadhi yameendelea kuwapata njiani na hata hapa kambini. Kuingiziwa kitu chochote bila ridhaa yako, iwe ni mti, chupa au kifaa, na iwe aliyefanya ni askari, jirani au mume, ni shambulio. Wewe huna kosa.

Njoo ndani ya saa 72. Katika muda huo unaweza kupewa dawa za kuzuia VVU, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini mapema ni bora. Utatibiwa majeraha, utapewa kinga ya pepopunda na homa ya ini B kadiri unavyohitaji, na utapata mtu wa kukusikiliza. Kama unaweza, usioge wala kubadili nguo kabla ya kuja. Kama umekwisha kuoga, njoo vilevile. Matibabu hayasubiri kwanza uende polisi.

Na wewe ambaye ilikupata miaka iliyopita, na tangu wakati huo mkojo au kinyesi kinavuja bila kukizuia: hiyo inaitwa fistula na inatengenezwa kwa upasuaji. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imewatibu wanawake wengi mno wenye jeraha hilo, na daktari huyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Upasuaji wa namna hiyo unafanyika pia katika hospitali za Tanzania. Mwambie muuguzi, uandikiwe rufaa.

Ukija zahanati

Si lazima utaje jambo lako dirishani mbele ya foleni. Sema tu "nina tatizo la sehemu za siri, naomba chumba cha faragha." Unaweza kuomba uhudumiwe na mwanamke au mwanamume. Ndani ya chumba, mweleze kweli ni kitu gani, kilikuwa cha nini, lini, na kama ulitoka damu. Tunauliza ili tujue kama tutafute vibanzi, kioo au maambukizi. Mhudumu haruhusiwi kulipeleka jambo lako kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mchungaji wala kwa mumeo. Kama aliwahi kukutangaza, una haki ya kumlalamikia kwa mkuu wa kituo.

Usioshe ndani kabla ya kupimwa, kwa sababu unaondoa kile tunachokitafuta.

Majimaji mazito meupe kama maziwa ya mgando pamoja na muwasho mara nyingi ni fangasi. Ya kijivu yenye harufu ya samaki ni wale bakteria tuliowataja. Ya njano au kijani yenye povu huenda ni trikomonasi, na hapo mwenzi wako pia atibiwe, la sivyo atakurudishia. Usaha kwa mwanamume, vidonda, malengelenge, maumivu wakati wa kukojoa, maumivu ya tumbo la chini au damu isiyo ya hedhi, yote ni ya kuletwa bila kuchelewa. Usijitibu kwa zile kapsuli za rangi mbili zinazouzwa mojamoja. Fangasi hawasikii dawa hizo, tena huongezeka. Kisonono nacho kimekuwa sugu kwa dawa nyingi kwa sababu ya dozi za nusunusu.

Pumzisha sehemu hizo mpaka umalize dozi. Na kifaa ulichokuwa ukikitumia, kama ni cha silikoni au chuma, kichemshe kabla ya kukirudia. Kama ni cha plastiki laini, kitupe, maana kitakurudishia ugonjwa uleule uliotibiwa.

Maswali mawili ya mwisho

Kikombe cha hedhi je? Ni kifaa kizuri na kinadumu miaka. Kichemshe dakika 5 kabla ya kila hedhi, nawa mikono kabla ya kukigusa, na kisikae ndani zaidi ya saa 12 bila kumwagwa na kuoshwa. Sheria ya kutoazimana inahusu hiki pia. Mama na binti, dada na mdogo wake, kila mmoja na chake.

Na vya kutupa vitupwe wapi? Si chooni, kwa sababu haviozi, shimo litajaa mapema, na gari la kunyonya likija bomba litaziba. Kondomu zilizotumika na vifaa vibovu vifungwe kwenye karatasi au mfuko, vitiwe kwenye shimo la taka lenye kina, si pale watoto wanapochezea. Betri zisichomwe moto, hulipuka. Zitenge, na muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako zinakusanywa wapi.